Ruhusa ya Kuingia Jikoni

Jumanne, 9 Januari

Kwako wifi,

Habari za siku nyingi. Natumaini u mzima na goti lako limetulia. Sisi hatujambo. Mdogo wako anakohoa kidogo kwa sababu ya unga wa ngano, lakini mwoka mikate asiyekohoa labda hauzi. Mapacha wamepoteza meno ya mbele, wote wawili katika wiki moja, kwa hiyo hata mapengo hayatusaidii kuwatofautisha.

Najua utashangaa kuona jina langu. Tangu ile mara ya mwisho ulipotutembelea, salamu zetu zimekuwa zikipitia kwa mdogo wako kama mzigo wa posta. Yeye ndiye aliyesema nikuandikie. Nilimwambia, "Mpigie wewe, ni dada yako." Akanijibu, "Mimi najua mikate. Akiniuliza swali moja la kompyuta nitakata simu." Kukupigia mwenyewe nimeogopa, maana mimi na wewe kwenye simu huishia "haya, sawa, wasalimie." Ndiyo maana naandika.

Shida yangu ni hii. Mwaka juzi nilitolewa mapokezi pale hospitalini nikapelekwa kitengo cha kompyuta. Kazi yangu ni kuwafungulia wafanyakazi akaunti. Daktari mpya akija, nampa jina la kuingilia na nenosiri. Akilisahau, nampa jingine. Akisahau tena, nampa jingine na kumtazama. Sasa hospitali imenunua programu mpya ya kusimamia kazi hiyo yote: nani ni nani, na nani anaruhusiwa kufungua nini. Mkuu wa kitengo anasema atakayeisimamia lazima awe na cheti cha programu hiyo, na cheti hakipatikani bila mtihani. Nisipofaulu kabla ya katikati ya mwaka wataleta mtu wa nje, na mimi nitarudi mapokezi, zamu ya usiku. Mdogo wako huondoka kwenda bekari kabla ya alfajiri. Mimi nikiwa kazini usiku kucha, hawa mapacha, Kimya na Kelele, watakuwa na nani?

Kitabu cha mtihani nimekifungua. Kurasa za mwanzo nimezirudia na kuzirudia, na kila mara ni kama ndiyo nazisoma kwa mara ya kwanza. Nasikia wewe cheti hicho unacho. Ukiwa na nafasi, naomba unielekeze. Usipokuwa nayo, nitaelewa.

Wifi yako,
Mama Pacha


Ijumaa, 12 Januari

Mama Pacha,

Barua nimeipata. Goti halijambo likiwa limekaa. Mwambie mdogo wangu ajifunge kitambaa puani anapochekecha unga, nilishamwambia tangu ana miaka kumi na minane.

Kwanza, kuanzia leo niandikie kwa anwani hii ya barua pepe, si ile ya ofisini.

Pili, cheti ninacho. Ule si mtihani wa kubonyeza vitufe. Wanaokariri vitufe hufeli, kisha hulaumu kompyuta. Weka kitabu kando kwanza. Nijibu maswali mawili kwa maneno yako, si ya kitabu. Kuna tofauti gani kati ya kumthibitisha mtu na kumruhusu? Na mfanyakazi akihama idara moja kwenda nyingine, jambo gani linafanyika kwenye akaunti yake?

Usibahatishe. Mimi na majibu ya kubahatisha hatuivi chungu kimoja.

Wifi yako mkubwa


Jumamosi, 20 Januari

Wifi mkubwa,

Shikamoo. Sisi wazima, na kikohozi kimepungua kwa kile kitambaa, ingawa wateja wa asubuhi sasa wanadhani wamevamiwa na jambazi mwenye trei ya mikate.

Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikashuka chini ya ukurasa kutafuta iliyobaki. Majibu haya hapa.

Jirani yetu, fundi cherehani, huwapa watoto biskuti moja moja kila akifunga duka. Juzi Kelele alichukua yake, akazunguka nyuma ya nyumba, akafuta makombo, akarudi taratibu, mikono nyuma, macho chini. "Mimi ni Kimya," akasema. Akapewa. Kimya mwenyewe alipofika, fundi akamwambia, "Wewe si umeshachukua?" Na Kimya unamjua, hata nyumba ikiungua atasubiri aulizwe. Akarudi nyumbani analia bila sauti. Nilipokwenda kuuliza, fundi akapiga paji la uso, akasema kuanzia sasa hatoi biskuti ya Kimya mpaka aone kovu lake la kiwiko.

Basi hapo nikaelewa. Kutaja jina si kuthibitishwa, jina kila mtu ana mdomo wa kulitaja. Kuthibitishwa ni kuonyesha kovu. Na kuruhusiwa ni jambo jingine kabisa: hata fundi akihakikisha kwamba huyu ndiye Kimya, Kimya anaruhusiwa biskuti, haruhusiwi kugusa cherehani.

Swali la pili: mtu akihama idara, nampa ruhusa za idara mpya haraka ili asikwame.

Kulikuwa na mfano mwingine, wa mtu aliyepita mipaka ya ruhusa aliyopewa, lakini unahusu makabati ya jikoni kwangu, kwa hiyo nimeuacha.

Wifi yako,
Mama Pacha


Jumanne, 23 Januari

Mama Pacha,

Marahaba. Natumaini mmeamka salama. Mimi mzima, ila nimecheka peke yangu mbele ya dirisha, na mama wa ghorofa ya pili ameniona. Sasa ananisalimia kwa sauti ya upole, kama mgonjwa.

La biskuti umepata vizuri sana. Kelele namtabiria maisha marefu upande mmoja au mwingine wa sheria.

La kuhama idara umepata nusu. Kumpa mpya kila mtu anakumbuka. Kumnyang'anya za zamani hakuna anayekumbuka, kwa sababu hakuna anayekuja dirishani kulalamika kwamba ana ruhusa nyingi mno. Angalia hapo kwenu. Nina hakika kuna muuguzi alihama wodi ya wazazi, sasa yuko macho au meno, na bado anaweza kusoma nani kajifungua leo. Mtu apewe kinachomtosha kwa kazi yake, basi. Kikulacho ki nguoni mwako, wala mara nyingi hakina nia mbaya. Kimesahaulika tu humo nguoni.

Ama mfano wa makabati, usingeuacha, ni sahihi kuliko yote. Ni mtu aliyepewa ruhusa ya chumba cha wageni, akajipandisha cheo kuwa msimamizi mkuu, akahamisha sufuria zote kabla mwenye nyumba hajaamka. Nakupa alama kamili.

Wifi yako mkubwa


Jumapili, 11 Februari

Wifi mpendwa,

Shikamoo, na goti vipi? Huku afya ipo. Meno mapya ya Kelele yanaota yakiwa yamepinda, ya Kimya yamenyooka, kwa hiyo fundi cherehani ameacha kukagua viwiko.

Muuguzi wako nimempata, wala si mmoja. Nilipoanza kukagua niliona aibu kama niliyefungua kabati la wageni na kukuta nguo chafu. Yupo mtunza stoo anayeweza kusoma majibu ya maabara. Yupo mfamasia ambaye kwenye kompyuta bado ni mwanafunzi wa mazoezi. Nimempelekea mkuu wa kitengo, akakuna kidevu, akaniambia niendelee. Kwa mkuu yule, hizo ni sifa.

Nasoma jioni mdogo wako akiwa amelala, mezani pa kulia chakula. Juzi alizinduka akaniuliza nanong'ona nini. Nikamsomea sura ya kutenganisha majukumu: anayeomba ruhusa asiwe ndiye anayeiidhinisha. Akafikiri, akasema, "Si kama keki?" Nikamuuliza keki gani. Akasema mlipokuwa wadogo, wewe uliweka sheria kwamba mmoja anakata na mwingine anachagua kipande, na kwa sheria ile yeye alijifunza kukata kwa haki mpaka akawa mwokaji. Wifi, kumbe sura nzima ilikuwa inalala chumbani kwangu ikikoroma.

Mtihani ni tarehe mbili mwezi ujao. Mitihani ya majaribio naifaulu, mara nyingi.

Wifi yako,
Mama Pacha


Jumapili, 3 Machi

Wifi,

Salamu. Sote wazima.

Nimefeli. Si kwa mbali, lakini mlango hauulizi umekosa ufunguo kwa kiasi gani.

Naandika hili moja kisha nitanyamaza. Maswali mengi yalikuwa ya mtindo huu: daktari amekwama, mgonjwa anasubiri, anakuomba umwazime akaunti yako aingie mara moja. Utafanya nini? Mimi nikachagua kumsaidia, kwa sababu ndivyo ninavyofanya kila wiki. Nilijibu kama mimi, wifi. Ndicho kilichoniponza.

Mkuu amesema hospitali italipia mara moja tu zaidi, mwisho wa Mei. Nimemwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba nimechoka. Pale mapokezi angalau nilikuwa najua ninachofanya.

Asante kwa yote.

Mama Pacha


Jumanne, 5 Machi

Mama Pacha,

Pole. Sitakwambia usilie. Lia, kisha unawe uso.

Halafu nisikilize. Mtihani hauulizi wewe ni mwema kiasi gani. Unauliza wema wako utapitia mlango upi. Daktari aliyekwama anasaidiwa, ila hasaidiwi kwa jina lako. Upo mlango wa dharura, na programu yenu inao, nimeangalia. Unamfungulia, anaingia kwa jina lake mwenyewe, na inaandikwa kaingia saa ngapi na kwa sababu gani. Mgonjwa anahudumiwa na ukweli unabaki. Hujafeli kwa ujinga, umefeli kwa huruma isiyo na utaratibu, na utaratibu unafundishika. Huruma haifundishiki.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Niandikie.

Wifi yako mkubwa


Jumanne, 19 Machi

Mama Pacha,

Hujambo? Wiki mbili sijaona herufi yako. Nimempigia mdogo wangu nikamuuliza habari zako, akaniambia bei ya hamira imepanda. Yule akiulizwa jambo zito hukimbilia kwenye hamira.

Sikudai jibu la mtihani. Niambie tu watoto wanaendeleaje.

Wifi


Jumapili, 24 Machi

Wifi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Watoto wazima. Kimya alisimama mbele ya darasa akasoma ubao mzima kwa sauti, mwalimu akaja nyumbani kutuambia.

Barua zako zote mbili nilizisoma siku zilipofika. Ile ya kwanza niliijibu Ijumaa iliyopita nikiwa ofisini, barua ndefu tu. Kompyuta ya kazini ikajijazia anwani yako ya zamani, ile ya ofisini kwako, na mimi sikuangalia. Baada ya muda mfupi ikarudi na maneno haya: akaunti hii haipo tena.

Wifi, miezi miwili iliyopita nisingeelewa. Ningedhani ni hitilafu. Lakini wewe mwenyewe umenifundisha kwamba akaunti haifungwi kwa sababu mtu ana mafua. Akaunti hufungwa mtu anapoondoka. Na nimekumbuka ulivyokuwa unajibu barua zangu siku za kazi, mchana, ukiwa umekaa dirishani na jirani anakuona.

Sijamwambia mdogo wako wala sitamwambia. Nakuuliza wewe. Uko sawa?

Wifi yako,
Mama Pacha


Jumanne, 26 Machi

Mama Pacha,

Marahaba. Mpongeze Kimya. Mwambie shangazi yake amemsikia mpaka huku.

Umekuwa mwanafunzi mzuri kupita kiasi.

Ni kweli. Kampuni imehamishia kazi zetu mbali, mahali ambako watu wanalala sisi tukiwa macho. Mwezi wa kumi na mbili walituita chumba cha mikutano, tukakuta chai na vitafunio. Nikajua papo hapo, maana ofisi ile haijawahi kutoa chai bila sababu. Barua yako ya kwanza ilinikuta namalizia notisi. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kufunga akaunti za wanaoondoka. Nilipofika kwenye akaunti yangu, niliwasilisha ombi, mkuu wangu akaidhinisha. Anayeomba si anayeidhinisha. Hata siku ile nilifuata utaratibu, kisha nikakaa kwenye ngazi nikiwa na sanduku la vitu vyangu, na lifti inafanya kazi.

Sikuwaambia kwa sababu katika familia ile mimi ndiye ninayeulizwa, mimi siulizi. Mdogo wangu angefunga bekari akaja na gari la kuazima. Na sikujua ningemwambia nini.

Nitakwambia na hili. Zile siku za mwanzo, kitu pekee kilichokuwa kinaniamsha asubuhi na kunikalisha mezani ilikuwa barua ya mtu mwenye maswali. Kwa hiyo unaposema umechoka, sawa, ni haki yako. Lakini usidhani ulikuwa unanipotezea muda.

Nipo sawa. Nimeomba kazi kadhaa. Wananiambia nina uzoefu, kwa sauti wanayotumia kumwambia mtu kwamba amezeeka.

Wifi yako mkubwa


Jumatano, 27 Machi

Wifi mkubwa,

Shikamoo. Hii ni fupi, nina foleni dirishani.

Njoo. Hujaombwa kupumzika, umeombwa kufundisha. Nimemwambia mkuu asubuhi hii kwamba nitarudia mtihani, na sitaurudia peke yangu. Mdogo wako nimemwambia unakuja kunisomesha, basi, hakuna zaidi. Akauliza kama bado unapenda mkate wenye zabibu.

Chumba cha wageni ni chako. Jikoni utaingia kwa kuomba ruhusa, na mwenye kuidhinisha ni mimi.

Wifi yako,
Mama Pacha


Jumatatu, 20 Mei

Mama Pacha,

Nimefika nyumbani salama jana jioni, baada ya wiki zote hizo kwenu. Goti lilivimba kidogo kwa kukaa, limeshapoa. Natumaini mmeamka wazima na Kelele ameacha kununa kwa sababu sikumbeba kwenye begi.

Nyumba yangu ni kimya. Leo nimefungua kabati langu mwenyewe nikajikuta nasema, "Naruhusiwa?" Nikasubiri kidogo. Ni hao wanao walionizoesha, kunisimamia mlangoni wakiwa wamekunja mikono. Na waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hawakukujua wewe. Mimi siku ya kwanza tu, hata viatu sijavua, nilipewa kisu na ndoo ya viazi, ukaniambia, "Menya huku unanieleza hatua mbili za uthibitisho."

Nimekuwa nikifikiria ile siku uliyorudi kutoka kazini umechelewa, ukasimama katikati ya jikoni na mkoba begani. "Daktari wa watoto amekuja dirishani," ukasema, "anatoka jasho. Akaunti yake imejifunga, ana mtoto anatetemeka wodini, anataka yangu." Nikaacha kumenya. Nikakuuliza, "Ukafanyaje?" Ukasema, "Nimemfungulia mlango wa dharura. Nimeandika jina lake na sababu. Amekasirika kwamba namchelewesha, halafu kabla hajamaliza kukasirika akawa ameshaingia." Kisha ukakaa kwenye kiti ukaanza kucheka, na mimi nikacheka, na mdogo wangu akaingia akatukuta hivyo akatoka tena, akidhani anachekwa yeye.

Nilimwambia habari ya kazi yangu, siku ile nilipokwenda naye bekari. Hukuniuliza tulizungumza nini. Alikuwa anakanda unga. Akakata donge, akanisukumia nusu, tukakanda wote. Baadaye akasema tu, "Ungesema, Hakimu." Ni jina alilonipa enzi za keki, na hakuna anayeniita hivyo tena duniani ila yeye.

Usaili wangu ni kesho. Ndiyo maana ilibidi niondoke kabla ya mtihani wako, na bado roho inaniuma. Unajua kila kitu. Soma swali mpaka mwisho kabla ya kuliamini.

Chumvi bado umeiweka mbali na jiko, na sikusema kitu kwa wiki zote zile. Nataka ulijue hilo.

Wifi yako mkubwa


Jumapili, 26 Mei

Wifi mpendwa,

Shikamoo, na habari za usaili? Sisi wazima, tena wazima wa kupitiliza. Mtihani nimeufanya jana. Nimefaulu.

Sasa nikusimulie. Kwanza nusura nisiingie. Msimamizi wa chumba cha mtihani alichukua kitambulisho changu, akakitazama, akanitazama, akakitazama tena. Picha ile nilipiga nikiwa msichana, nimesuka, mashavu yamejaa. "Huyu ni wewe?" akaniuliza. Nikamwambia, "Ni mimi kabla ya mapacha." Hakucheka. Akataka ushahidi wa pili. Wifi, badala ya kuudhika nilifurahi. Nikatoa kadi ya kazi, nikamwambia, "Unafanya vizuri sana." Nadhani alidhani namkejeli.

Ndani palikuwa na baridi. Swali la kwanza nililisoma mpaka mwisho, na kumbe mwishoni ndipo palipokuwa na neno "isipokuwa." Nikakushukuru kimoyomoyo. Nikaendelea. Karibu na mwisho likaja la daktari aliyekwama, mgonjwa anasubiri. Nikaondoa mkono kwenye kompyuta, nikauweka mapajani. Nilimwona yule daktari wa watoto na jasho lake. Sikujibu kama mwanafunzi, nilijibu kama mimi, na safari hii mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

Matokeo yalitokea hapo hapo kwenye kioo cha kompyuta. Nikampigia mdogo wako bekari. Nikasema, "Nimepita." Nikasikia trei inaanguka, kisha akasema, "Ngoja," kisha simu ikabaki wazi nikimsikia anawatangazia wateja mmoja mmoja. Mikate iliyokuwa tanurini iliungua yote. Aliiuza hivyo hivyo, nyeusi, na watu waliinunua.

Lakini hili ndilo nililotaka kukuandikia. Mkuu wa kitengo ameshanipa kazi, rasmi, zamu ya mchana. Jana hiyo hiyo alikuja mpaka nyumbani kunipongeza, kitu ambacho hajawahi kumfanyia mtu. Akaniuliza, "Nani alikufundisha?" Nikamjibu, "Wifi." Akasema, "Najua umesoma kwa mtandao, nauliza mwalimu ni nani." Nikamwambia, "Wifi yangu, dada wa mume wangu." Mdogo wako akacheka mpaka akatoka nje.

Hospitali inataka mtu wa kufundisha wodi zote programu hii, wodi baada ya wodi, mkataba wa mwaka kwa kuanzia. Mkuu alikuwa anafikiria kutafuta kampuni. Nikamtajia jina lako na cheti chako, na kwamba umemfundisha mtu aliyesoma ukurasa wa kwanza mara nyingi bila kuuelewa. Akasema umtumie maelezo yako wiki hii. Nimekwambia sasa, lakini sijakuamulia. Wewe ndiye unayeomba na si mimi ninayeidhinisha.

Jambo moja la pembeni. Wapangaji wa upande wa pili wa nyumba yetu wanahama mwisho wa mwezi. Vyumba viwili na jiko lake. Mwenye nyumba amesema atasubiri jibu.

Wifi yako,
Mama Pacha


Jumatatu, 3 Juni

Wifi yangu,

Natumaini hii inawakuta na afya. Goti langu limekataa kushiriki kufunga mizigo, kwa hiyo nafunga nikiwa nimekaa.

Barua yako ya mtihani nilimsomea mama wa ghorofa ya pili, ile ya "kabla ya mapacha." Amecheka, na ameacha kunisalimia kama mgonjwa.

Mkuu wako amenijibu. Aliniuliza maswali makini, nikamjibu, akaniuliza mengine, ikawa mazungumzo ya saa nzima. Wale wa usaili nao wamenijibu, wananitaka. Ofisi yao ina lifti na viti vinavyozunguka, na malipo yao ni mazuri kuliko ya hospitali, sitakuficha. Nilikuwa karibu kukubali. Nikawauliza swali moja tu: nitafanya kazi na nani? Wakaniambia nitakuwa peke yangu, chumba changu, hakuna atakayenisumbua, nitapata utulivu. Nikawashukuru. Utulivu ninao wa kutosha, nimeuishi tangu Januari, na sioni wa kuugawia.

Basi nimewakatalia. Hospitalini naanza na wodi ya wazazi. Yule muuguzi aliyehamia macho mwambie ajiandae, nataka kumjua.

Mwenye nyumba nimeshazungumza naye, vyumba nimevichukua. Mwambie mdogo wangu asije na gari la kuazima, nimepata usafiri wa mizigo. Najua atakuja nalo vilevile.

Keshokutwa nitakuwa upande wa pili wa ukuta. Barua nimezizoea, na sitadanganya kwamba sitazikumbuka. Lakini mtu utakayegawana naye ukuta huwezi kumwandikia, watu watatucheka. Nikiwa na neno, nitagonga.

Wifi yako